Soksi ya Pili

Soksi ya pili ilikuwa juu ya kikapu, imekunjwa vizuri, na Mama Chiriku hakuwa ameifuma.

Aliiona aliporudi kutoka kazini, mkoba ukiwa bado begani. Asubuhi aliacha soksi moja ya kijivu, saizi ya mguu wa binti yake. Sasa zilikuwa mbili. Alikaa kwenye kochi bila kuvua viatu, akaipindua ile ya pili ndani nje, akavuta kisigino, akapitisha kidole kwenye ukingo. Hakuna kitanzi kilichoponyoka. Kazi safi. Safi kuliko yake.

Wanaofuma wanaujua ugonjwa huu. Soksi ya kwanza hufumwa kwa hamu. Mtu anataka kuona kisigino kinavyogeuka na ncha ya mbele inavyofungwa. Ikishakamilika hamu inakwisha, na ya pili inakuwa adhabu. Kikapu cha Mama Chiriku kilikuwa ushahidi tosha: soksi moja moja, glavu za mkono mmoja, sweta lenye mkono wa kulia tu. Hakuwa mvivu. Asubuhi alikuwa mapokezi kwenye kliniki ya meno, akiwapanga watu wenye mashavu yaliyovimba. Mchana alikuwa mama, jioni mke, na katikati ya hayo aliiba dakika. Wali ukikauka jikoni, yeye anachambua sufu. Mtoto akioga, yeye anazungusha kijiti chake cha kusokotea, uzi unateremka kutoka vidoleni mpaka karibu na sakafu. Hapo ndipo kichwa chake kilipotulia.

“Mke wangu ameolewa mara mbili,” mumewe, fundi friji, aliwaambia wageni. “Mume mkubwa ni donge la uzi. Mimi ni nyumba ndogo.”

Jioni ile alimwonyesha soksi.

“Umeifuma wewe?”

“Mimi? Sindano ninayoijua mimi ni ya hospitali, na hiyo nayo naikimbia.”

Akamwuliza binti yao. Chiriku alipewa jina hilo kwa sababu hakuwa amenyamaza tangu alipojua kusema.

“Si wewe mwenyewe, mama? Labda ulifuma ukasahau. Mwalimu wetu naye anasahau. Juzi alikuwa na miwani kichwani anaitafuta kwenye droo, sisi tumekaa kimya tu, halafu mmoja akacheka, tukachapwa maneno wote.”

Baadaye Mama Chiriku alisogea dirishani na soksi zote mbili. Yeye alisokota kwa mkono wa kulia siku zote, na msokoto wa uzi wake uliinamia upande mmoja. Msokoto wa soksi ya pili uliinamia upande mwingine, kama uzi uleule unaotazamwa kwenye kioo. Aliyeusokota alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Nyumba ile haikuwa na mtu wa mkono wa kushoto.

Hapo ndipo angepaswa kuogopa. Badala yake, asubuhi iliyofuata, kabla ya kutoka, aliliweka lile sweta juu ya kikapu. Aliliweka mahali pa kuonekana.

Aliporudi lilikuwa na mikono miwili.

Alilishika kifuani kwa muda. Sebuleni palinuka sufu iliyoloa, ingawa hakuwa amefua chochote.

“Asante,” alisema kwa sauti, akiwa peke yake. “Hujui ulivyonisaidia.”

Kuanzia hapo hakumwuliza mtu tena. Aliacha glavu, akakuta glavu mbili. Aliacha soksi ya mumewe, ikapata mwenzake. Chiriku alivaa sweta kwenda shule, fundi friji akaanza kumsifu mkewe kwa kumaliza mambo, naye akapokea sifa bila kupepesa macho. Alijiambia kwamba kuna watu wanasaidiwa na mashine za kufulia. Yeye alisaidiwa na hiki.

Sauti ilikuja wakati wa chakula. Walikuwa mezani wote watatu, na kutoka sebuleni, nyuma ya pazia, ikasikika tik, tik, tik, sindano mbili za chuma zikigongana kwa mwendo wa mtu mwenye haraka.

Fundi friji aliacha kutafuna. “Redio hiyo?”

“Labda,” alisema mkewe.

“Redio iko hapa, nimeifungua naitengeneza.”

Alikwenda kuangalia. Sindano zilikuwa kikapuni, zimetulia. Alirudi, akakaa, akachukua kijiko. Tik, tik, tik. Safari hii hakuinuka. Walikula haraka, bila kuzungumza, na hata Chiriku alinyamaza, akimwangalia mama yake usoni.

Jumamosi alikuja wifi yake Mama Chiriku, dada wa fundi, mwanamke mwenye mdomo usiokuwa na breki na moyo mzuri. Alikaa sebuleni akapewa chai. Tik, tik ilikuwa inatoka chumba cha nyuma, chini chini, na yeye hakuisikia au aliidhani ni ya fundi.

“Haya, naona siku hizi unamaliza,” alisema, akiinua glavu. “Maana wewe wifi nakujua. Soksi moja. Glavu moja. Hata mtoto umeishia mmoja.” Akacheka. “Na huyo naye mletee mwenzake basi, asikae peke yake kama soksi.”

Chumba cha nyuma kikawa kimya.

Kikombe cha Mama Chiriku kilibaki hewani. Sauti ile ilikuwa imekaa naye siku nyingi kiasi kwamba alikuwa ameacha kuisikia. Sasa alisikia ilivyokoma. Ilikoma kama mtu anavyoacha kazi ili asikie vizuri anachoagizwa.

“Usiseme hivyo, wifi,” alinong’ona.

“Nimekuudhi? Mimi natania tu, jamani.”

“Sema unatania. Sema kwa sauti.”

Wifi alimtazama, akacheka tena, akarudia chai yake.

Siku zilizofuata kikapu hakikuguswa. Mambo mengine ndiyo yaliyoanza kwenda kombo. Fundi friji alimkuta Chiriku koridoni, akamwambia akavae viatu, akaingia chumbani akamkuta Chiriku kitandani ameshavaa viatu. “Huyu mtoto ana mbio,” alisema, lakini alisema huku akitazama nyuma. Mama Chiriku aliita mara moja akajibiwa mara mbili, sauti ya pili ikifuata ya kwanza kwa karibu sana. Bafuni mswaki mdogo mwekundu ukawa na mwenzake mwekundu. Harufu ya sufu iliyoloa ilihamia kwenye mto wa mtoto.

Kisha Chiriku akapata homa. Haikuwa kali, wifi alikuja kukaa naye, mama yake akaenda kazini. Kabla ya saa sita simu ya mapokezi ililia. Alikuwa mwalimu wa darasa.

“Mama Chiriku, samahani kukusumbua. Ni jambo dogo tu. Mmemfundisha nyumbani kuandika kwa mkono wa kushoto?”

“Nani?”

“Chiriku. Leo anaandika kwa kushoto, na hati ni nzuri kweli. Ila amekuwa kimya mno. Nikasema niulize kama kuna tatizo.”

Mbele ya dirisha la mapokezi mzee mmoja alikuwa ameshika shavu, akisubiri. Mama Chiriku alimtazama yule mzee kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa na jibu.

“Yuko hapo? Unamwona?”

“Namwona, mama. Amekaa dirishani. Ananitazama.”

Alikata, akampigia wifi yake. “Chiriku yuko wapi?”

“Yuko wapi tena? Yuko hapa kwenye mkeka, ana homa, na ameshanisimulia maisha ya darasa lote. Unataka kuongea naye?”

Hakutaka. Aliomba ruhusa, akaenda nyumbani moja kwa moja, akamkumbatia mtoto wa kwenye mkeka, akaenda kwenye kikapu. Alitaka kuona kazi ya mikono yake mwenyewe, kitu anachokijua. Akachukua soksi za kijivu, akazisogeza dirishani. Msokoto wa kushoto. Akachukua ya pili. Kushoto pia. Glavu zote, kushoto. Sweta alilolikuta limetundikwa mlangoni, mikono yote miwili, kifua, mgongo, kushoto. Aliupekua ule mkusanyo mpaka chini, na hakupata hata kitanzi kimoja alichokifuma yeye. Kilichofanya kazi ile kilikuwa kinatengeneza cha pili, kisha kinachukua cha kwanza, kisha kinajaza pengo kwa kingine cha mkono wake.

Wifi ndiye aliyempeleka kwa mkunga mmoja. Mkunga huyo alikuwa mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, na watu walimfuata kibarazani kwake kwa mambo ambayo hospitali haikuwa na dawa yake. Hakuwasha kitu, hakuimba. Aliuliza maswali kama anayejaza fomu ya mjamzito.

“Kilianza na nini?”

“Soksi.”

“Ulikiona?”

“Hapana, bibi. Nasikia tu.”

“Uliwahi kukiambia neno?”

Mama Chiriku aliinamisha kichwa. “Nilisema asante.”

“Ukaendelea kukipa kazi.”

“Nilikiachia sweta. Na glavu.”

Mkunga alipumua. “Hilo ni jini la kazi, mwanangu. Si la kupiga kelele wala kuangusha watu. Halina ubaya wala wema, lina bidii; kila lionapo kimoja, linakitengenezea mwenzake. Wewe ukaliajiri. Ukishukuru maana yake umekubali, na likikubaliwa linachukua ujira, na ujira wake ni kile cha kwanza. Soksi zako liko nazo. Sasa limesikia una mtoto mmoja.”

“Bibi, nitampoteza mwanangu?”

“Kwa sasa wako wawili. Likiona wa pili amekamilika, litamchukua wa kwanza, na utabaki na mtoto mzuri asiyesumbua. Majirani watakupongeza.”

“Nifanye nini?”

“Kazi yake ifumuliwe kabla haijakamilika. Ila mimi sijui kufuma. Kitu kilichofumwa kinafumuliwa vipi?”

Lilikuwa swali la kweli, na Mama Chiriku alilijibu kama ambavyo angemjibu mtu yeyote. “Kina ncha. Pale aliyefuma alipokata uzi na kuuficha. Ukiipata hiyo ukavuta, kinafumuka chote. Ukivuta kwingine unakaza fundo.”

“Basi tafuta ncha. Ukishaanza usisimame, hata akikwambia nini. Na ukimaliza uchome.” Alimshika mkono. “Uhakikishe ni yule wa pili. Hapo siwezi kukusaidia.”

Jumapili mchana fundi friji alimchukua Chiriku waende karakana, akamsaidie kushika tochi. Mama Chiriku aliwasindikiza mlangoni, akafunga, akageuka. Chiriku alikuwa amekaa kwenye mkeka wa sebuleni, amevaa lile sweta, ana kitana mkononi.

“Nisuke, mama.”

Jua lilikuwa linaingia dirishani. Nje mtu alikuwa anafagia. Mmoja alikuwa na baba yake na mmoja alikuwa hapa, na yeye hakujua ni yupi aliyemruhusu atoke.

Alikaa kwenye kigoda, akamweka mtoto katikati ya magoti yake. Kichwa kilikuwa na uzito uleule. Aliuliza kovu la kidevu lilitoka wapi, akajibiwa: ngazi, siku ya mvua, ulinipa asali. Aliuliza jina la paka aliyepotea, akajibiwa. Kitana kilipita, nywele zikatengana, na harufu ya sufu iliyoloa ikapanda kutoka utosini. Lakini harufu ile ilikuwa kila mahali sasa, hata kwenye mikono yake mwenyewe.

Shingoni, chini ya nywele za mwisho, vidole vyake vilikuta kiuzi.

Kilikuwa kifupi, urefu wa kucha, cha kijivu. Alikizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, kama alivyofanya na kila uzi aliowahi kuushika, na msokoto ulikuwa wa kushoto. Hilo halikuthibitisha kitu. Sweta zima lilikuwa la kushoto, na kola yake ilikuwa hapohapo.

“Vua sweta, mwanangu.”

“Nasikia baridi.”

“Vua kidogo tu.”

Mtoto alivua, akalikunja vizuri, akaliweka pembeni. Chiriku wake hakuwa amekunja nguo hata siku moja. Kiuzi kilikuwa bado palepale, na hakukuwa na kola, kulikuwa na ngozi, na kiuzi kilitoka kwenye ngozi.

“Mama,” mtoto alisema, bila kugeuka, “usivute.”

Akavuta.

Uzi ulikuja kwa urahisi, kama unavyokuja uzi wa kazi iliyofumwa vizuri, na mstari mmoja mwembamba ukafunguka kutoka sikio la kushoto hadi la kulia, kisha ukarudi kutoka la kulia hadi la kushoto, bila damu, bila kitu chochote ndani isipokuwa giza kama lililo ndani ya soksi, na mtoto akasema mama unaniumiza, mama mimi nimefanya nini, na yeye akavuta, na mikono yake ikaanza kukusanya uzi mapajani kwa mazoea, na safu ikafuata safu, utosi, paji la uso, jicho lililokuwa linamtazama kwa pembeni, na hata kinywa kilipokwisha sauti haikukoma, bali ilitoka kwenye ule uzi uliorundikana, ikisema nitakuwa mzuri, nitanyamaza, nitakunja nguo zangu, sitakuchosha kama yule, na aliyekuwa anafagia nje akaendelea kufagia, na Mama Chiriku akavuta mabega, akavuta mikono iliyokuwa imeshika magoti yake na haikutaka kuachia, akavuta mpaka mkeka ukabaki mtupu na uzi ukamjaa mapajani, wa moto, ukipanda na kushuka taratibu, kama unavuta pumzi.

Alishika simu, akampigia mumewe.

“Chiriku yuko na wewe?”

“Yupo,” alisema mumewe. “Na njoo umchukue, amenimaliza masikio. Ameshaniuliza kwa nini friji haina moyo.”

Alilia hapo, simu ikiwa sikioni, mumewe akisema hebu, hebu, kuna nini. Kisha akabeba ule uzi hadi uani akauchoma. Mtu anayesokota anajua kuchoma kipande cha uzi ili ajue umetokana na nini. Sufu hunuka nywele, pamba hunuka karatasi. Huu ulinuka kichwa cha mtoto anayetoka kuogeshwa.

Nyumba ikatulia. Alimpa wifi sindano zote, sufu, kijiti cha kusokotea, na kila kilichokuwa kikapuni akakichoma pia. Jioni, wali ukikauka, alikaa na mikono mitupu mapajani, na mikono ile ikawa inatafuta kitu. Kila asubuhi kabla ya shule alimwinamisha Chiriku, akapitisha vidole shingoni, sikio hadi sikio.

“Unatafuta nini, mama?”

“Nahakikisha wewe ni wewe.”

“Na ukikuta siyo?”

“Nitajua. Nitakuta kiuzi.”

Alikuwa ameshaanza kulala vizuri, siku aliporudi kutoka kazini akamkuta Chiriku kwenye mkeka na penseli mbili. Alikuwa amefumua ukingo wa shali kuukuu, na alikuwa anafuma. Safu zilikuwa sawasawa. Penseli zilikwenda haraka.

Mama yake aliketi mbele yake polepole. “Nani amekufundisha?”

“Wewe.”

“Sijawahi kukufundisha. Hukuwahi kutaka.”

“Ulinifundisha. Siku ile nina homa, shangazi alipokwenda kuoga. Ulikuja ukakaa hapa, ukanishika mikono.” Chiriku aliacha kufuma. “Ukasema nisikwambie. Nikaona ajabu, maana ni wewe.”

“Siku ile nilikuwa kazini, mwanangu.”

“Najua. Hata shangazi alisema uko kazini.”

Kutoka jikoni ikasikika sufuria ikifunikwa. Kisha sauti yake yeye mwenyewe, sauti ya Mama Chiriku, isiyo na haraka wala uchovu, ikaita: “Chiriku, njoo unawe mikono. Chakula tayari.”

Mtoto alisimama. Alitazama mlango wa jikoni, akamtazama huyu aliye mbele yake, na hakuonekana kuogopa. Alionekana kama mtu mwenye kazi ya kufanya. Aliweka penseli chini.

“Mama,” alisema kwa kunong’ona, “inama.”

Mama Chiriku alitaka kusema kwamba hakuna haja. Alijaribu kukumbuka asubuhi ile, alivyotoka, alivyofika kazini, mgonjwa wa kwanza alikuwa nani, na hakuna lililomjia. Akainama. Vidole vidogo viliingia chini ya nywele zake, vikaanzia sikio la kushoto, vikaenda taratibu, kama alivyofanyiwa yeye kila asubuhi, vikafika katikati ya shingo, vikasimama.

“Usisogee,” alisema Chiriku.